Besi ya Royce Tillery

Hapa Athens, Georgia, hakuna mtu anayeijua albamu ya kwanza ya bendi ya Peavine kuliko mimi. Nimeisikiliza yote, tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Haya, upande wa kwanza. Upande wa pili huwa unanikuta nimeshasinzia, ila naambiwa nao ni mzuri.

Anayeijua hasa ni Royce Tillery, na kuijua huko ndiko kulikokuwa kunamla.

Royce ndiye mpiga besi wa Peavine. Ndivyo ilivyoandikwa nyuma ya jalada, na ndivyo alivyochorwa kwenye ukuta wa kituo cha mafuta kule mjini, nywele tele, gitaa la besi limening'inia karibu na magoti. Walikuwa vijana wanne wa chuo, wamepanga nyumba moja iliyovuja kama kikapu. Walirekodi kwenye gereji ya fundi mmoja aliyeitwa Bwana Purvis, albamu wakaiita Sorghum, yaani mtama, kwa sababu mikate na asali ya mtama ndiyo waliyokuwa wakila asubuhi, mchana na jioni. Mwanzoni haikumshtua mtu. Kisha redio za vyuo zikaishika, na kila kijana aliyeisikia akatoka mbio kwenda kuanzisha bendi yake. Miaka arobaini imepita. Leo wapo wazee wenye vitambi, Ohio, Uskochi, mpaka Japani, ukiwashtua tu wanakuimbia kwa mdomo besi ya wimbo wa tatu.

Besi ile haiendi kama besi za watu. Gitaa linapokimbilia chini, yenyewe inapanda taratibu, kama mama mtu mzima anayepanda ngazi huku watoto wanashuka wakipiga kelele. Wanafunzi walikuja kwa Royce kutoka mbali na magitaa yao mgongoni. "Mwalimu, uliipataje hii?" Naye alikuwa na jibu lake, amelisugua miaka yote hiyo mpaka likang'aa: "Nilifumba macho, ikaja."

Haikuja. Kwa Royce haikuja hata kidogo. Aliyeipiga ni dada yake, Corinne.

Ilikuwa hivi. Jukwaani Royce alikuwa hodari: giza, bia, watu wanaruka, vidole vinakwenda vyenyewe. Lakini kule gerejini kwa Bwana Purvis, taa nyekundu ikiwaka tu, vidole vinakuwa kama soseji zilizotoka kwenye barafu. Wenzake walikwisha maliza sehemu zao wakarudi kwenye vibarua vyao, ikabaki besi. Royce akakaa na Bwana Purvis siku ya kwanza, bure. Siku ya pili, bure. Na baba yao kule Gainesville alikwisha sema: muziki usipotoa kitu mpaka kiangazi, mwanangu, unarudi nyumbani, unavaa buti za mpira na kuchinja kuku kiwandani kama sisi wengine.

Corinne akaja na sufuria ya kuku. Akamkuta mdogo wake amejifungia chooni analia. Corinne alikuwa mpiga kinanda wa kanisa la Methodisti tangu akiwa na miaka kumi na miwili, kinanda kile kikubwa chenye vibao vya chini vya kupiga kwa miguu. Akalichukua gitaa la Royce, akaketi kwenye kreti la soda, akasema, "Nyimbo zenu zina mikono mingi, hazina miguu. Niwekee kanda." Akapiga kwa vidole kama alivyozoea kukanyaga kwa miguu kila Jumapili. Kufika jioni albamu ilikuwa na besi. Kwenye jalada akataka liandikwe jina la Royce, akaondoka na sufuria yake. Royce alijifunza kwake kila noti, mwezi mzima, ili aweze kuwaonyesha wenzake alichopiga.

Bwana Purvis amekufa. Lamar, mwimbaji wao, amekufa. Mpiga ngoma kahamia Oregon, anafuga mbuzi. Siri ikabaki ya watu wawili, dada na kaka, na hawakuwahi kuizungumza, kama vile watu wa nyumba moja wasivyozungumza juu ya kilichomo kwenye kabati la marehemu.

Sasa ikaja kampuni ya santuri ikitaka kuitoa upya Sorghum. Ilitaka kila chombo kisikike peke yake, pamoja na maneno na vicheko vya kati ya nyimbo. Teague, mpiga gitaa, akawapigia simu wenzake.

Peavine walikuwa na sheria yao tangu enzi za ile nyumba ya kuvuja: "hapana" ya mmoja inatosha kuua jambo, na haulizwi kwa nini. Lakini "ndiyo" ikishatoka mdomoni hairudi. Royce alijua kanda zile zimelala gerejini kwenye unyevu miaka yote, gundi yake imegeuka ulimbo, ukijaribu kuzicheza zinanata na kuchunika. Kusema hapana kungewafanya watu wajiulize. Basi akasema ndiyo, kwa moyo mkunjufu, kama mtu anayemwahidi maiti safari.

Jumamosi asubuhi, Royce akiwa jikoni kwa Corinne, Teague akaingia amekumbatia maboksi mawili kama mapacha.

"Dada Corinne, bado unayo ile mashine ya kukaushia matunda?"

"Ninayo mpya na ninayo kuukuu. Una mapichi?"

"Nina Sorghum." Teague akayaweka maboksi mezani, macho yanamcheka. "Fundi mmoja wa Atlanta kaniambia. Kanda zikinata hivi, unazikausha kwa moto mdogo, mchana mzima, unyevu unatoka, zinacheza kama zimezaliwa jana. Wenyewe wanatumia mashine hizihizi za matunda. Royce! Mbona umesimama kama umeona polisi?"

"Nimefurahi," alisema Royce.

"Ukifurahi ndivyo unavyokuwa? Mkeo alivumilia mengi."

"Ndiyo maana akaondoka," alisema Corinne, akapangusa meza. Akainamisha kichwa upande, sikio la kulia mbele. "Sema tena, Teague. Zitacheza?"

"Zitacheza, dada!" Teague alipaza sauti. Sikio la kushoto la Corinne lilikuwa limekwisha kabisa, na la kulia, kama alivyosema mwenyewe, lilikuwa linafungasha mizigo. Kanisani walishamstaafisha kwa keki na maua, kwa kuwa alianza kumaliza tenzi baada ya waumini wote kukaa.

Teague akazipanga kanda kwenye mashine mpya. Akauzungusha mkono wa kupimia moto mpaka pale fundi alipomwambia, kisha akakata kipande cha plasta nyeupe, akaandika kwa kalamu ya wino mzito USIGUSE, akakibandika juu ya mkono ule ili usisogee.

"Moto ukizidi hapa, gundi inayeyuka, biashara imekwisha. Hakuna nakala nyingine duniani. Mimi naenda kuchukua mashine ya kuchezea kanda na spika. Nikirudi saa kumi tutamsikia Royce akiwa kijana!"

"Na Lamar," alisema Corinne.

"Na Lamar," alisema Teague, na kidogo sauti yake ikashuka. Akaondoka.

Walipobaki wawili, Corinne alimimina chai ya barafu, akamsukumia mdogo wake bilauri.

"Usiwe na uso huo. Mimi sisemi kitu. Nilisema sisemi, sijasema."

"Najua, dada."

"Nataka kusikia tu. Mara moja, peke yake, bila magitaa yenu ya kupiga makelele. Kwenye santuri inanipotea sasa, nasikia ngoma na Lamar, basi. Mkono huu," akauinua, vifundo vimevimba kama tangawizi, "haupigi tena. Daktari anasema sikio nalo mpaka Krismasi, labda. Nikishasikia, mkitaka mzitupe mtoni."

Royce akaitikia kwa kichwa. Alichokijua yeye, na hakujua kama dada yake anakikumbuka, ni kwamba Bwana Purvis hakuwa na tabia ya kusimamisha kanda. Wimbo ukiisha, kanda inaendelea. Na Corinne tangu azaliwe hajawahi kumaliza wimbo akanyamaza.

"Barafu imekwisha," alisema Corinne. "Nenda kaniletee, na ununue njugu za kuchemsha pale kwa yule bwana wa barabarani. Usininunulie za pilipili."

Alikwenda, akarudi na barafu na njugu. Corinne alikuwa tayari amevaa kofia, anakwenda mazoezi ya kwaya, maana walimstaafisha kwenye kinanda lakini hakuna aliyethubutu kumstaafisha kwenye kwaya.

"Kaa barazani, kuna upepo. Mashine isikutie shaka, inajua kazi yake."

Gari lake likaondoka. Royce akakaa barazani nyuma ya wavu wa mbu, bakuli la njugu mapajani. Hakula hata moja. Kutoka jikoni mashine ilikuwa inavuma, mmm, mmm, kama mtu aliyejua jambo na amefunga mdomo.

Akafikiri juu ya ukuta wa kituo cha mafuta. Akafikiri juu ya wanafunzi wake, yule binti wa Tennessee aliyelia alipoonyeshwa jinsi vidole vinavyokaa. Watamwita nani? Watasema nini mjini? Mtu akiwa mwongo kwa wiki moja anaomba radhi, yanakwisha. Akiwa mwongo kwa miaka arobaini, uongo ndio nyumba yake. Ukiubomoa atalala wapi?

Akaingia jikoni.

Hakufungua mlango wa mashine. Hakutaka kuziona. Alishika mkono wa moto juu ya ile plasta, akauzungusha mpaka mwisho. Plasta ikachanika upande mmoja kwa sauti ndogo. Uvumaji ukapanda. Royce akarudi barazani haraka, akaketi, akashika bakuli kwa mikono miwili.

Alikaa hivyo. Lori la taka likapita. Jirani akakata majani, akamaliza, akampungia mkono; Royce naye akampungia mkono. Halafu harufu ikaanza kuja, tamu, nzito, ya kitu kinachoungua polepole, na ghafla akamwona tena, kama siku ile, Corinne kwenye kreti la soda, mguu wa kulia unagonga sakafu mahali ambapo kibao cha kinanda kingekuwepo. Ule mguu. Alikuwa amevaa soksi za kanisani. Hakuna mtu mwingine aliye hai aliyeuona ule mguu ila yeye, na hicho ndicho alichokuwa anakichoma.

Bakuli likaanguka. Alikimbia mpaka jikoni akauzungusha mkono kurudi pale pa mwanzo, au karibu na pale pa mwanzo, kwa maana plasta haikuwepo tena. Akaitafuta mezani. Akaitafuta chini ya jokofu kwa tumbo, shavu sakafuni. Haikuonekana. Akapangusa jasho, akafungua madirisha yote, akarudi barazani kuokota njugu moja moja, huku anamwomba Mungu ambaye alikuwa hajazungumza naye tangu talaka.

Saa kumi Teague alirudi na mashine kubwa ya kuchezea kanda, waya shingoni kama nyoka waliofugwa. Corinne naye akaingia, akavua kofia, akanusa.

"Nini kimeungua?"

"Sijui," alisema Royce. "Jirani. Alikuwa anakata majani."

"Majani yana harufu ya pichi siku hizi?"

Teague alikuwa tayari amefungua mlango wa mashine. Akasimama. Akainama, akachungulia, akainama tena. Kisha akatoa trei ya kwanza. Juu yake, zimejipanga vizuri, kulikuwa na vitu vyeusi vilivyojikunja kama soli za viatu vya mtoto.

"Hizi ni nini?" aliuliza kwa sauti nyembamba.

"Mapichi yangu!" alilia Corinne. "Mapichi yangu ya mnada wa kanisa!"

"Kanda ziko wapi?"

"Kwenye mashine kuukuu, chumba cha kufulia. Nilizihamisha Royce alipokwenda kuchukua barafu. Mashine mpya inakausha haraka, mimi nina mapichi ndoo nzima, nazo kanda zako hazikuwa na haraka, zimekaa miaka arobaini. Nikahamisha, kule nikaweka moto uleule, na hii mpya nikairudishia plasta yako vilevile ili asiiguse mtu."

Teague akakimbilia chumba cha kufulia. Walimsikia akicheka, kisha akipiga kofi ukutani, kisha akicheka tena. "Nzima! Dada Corinne, ni nzima, kavu kama biskuti! Nitakuoa!"

"Chelewa uchelewavyo, siendi popote," alisema Corinne. Lakini alikuwa haangalii upande wa Teague. Alikuwa anaangalia mkono wa moto wa mashine yake mpya. "Nani aligusa hii?"

"Mimi?" alisema Royce. "Mimi nilikuwa barazani. Sikuingia jikoni hata kunywa maji. Labda mashine ina hitilafu. Vitu vya siku hizi."

"Plasta nayo imekwenda wapi?"

"Plasta gani?"

Corinne alimtazama. Akamsogelea, akamshika mkono kama dada anayemnyoosha mdogo wake shati kabla ya kuingia kanisani, akaugeuza. Nyuma ya kiwiko cha shati lake la buluu, plasta nyeupe, imechanika upande mmoja, ilikuwa imenata: USIGUSE.

Royce akafungua mdomo. Corinne akaibandua taratibu. Teague alikuwa anarudi na kanda mikononi, anaimba. Corinne akaikunja plasta mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa aproni, akasema, "Mashine ina hitilafu. Haya, Teague, weka kitu chako."

Hilo ndilo lililomuumiza Royce kuliko yote. Angempiga kwa trei ingekuwa nafuu.

Waliketi sebuleni, Teague chini sakafuni kati ya waya, Corinne kwenye kiti chake, spika moja imewekwa karibu kabisa na sikio lake la kulia kama mgonjwa anayenong'onezwa wosia. Kanda ikazunguka. Ngoma kwanza, peke yake. Kisha sauti ya Lamar, tupu, inakohoa, inacheka, inaanza kuimba. Teague akaangalia dirishani mpaka ikaisha.

"Sasa besi," alisema. "Wimbo wa tatu. Hii hata mimi sijawahi kuisikia peke yake."

Ikaanza.

Chumba kikawa kidogo. Noti zilipanda moja moja, pana, hazina haraka, kila moja inangoja ya mbele yake ikanyage vizuri. Chini yake kabisa, mbali, kulisikika kitu kingine: tk, tk, kama kisigino kwenye saruji. Corinne alifumba macho. Mguu wake wa kulia, kwenye kiatu cha mazoezi ya kwaya, ukaanza kusogea juu ya zulia, upande huu, upande ule. Machozi yalimtoka kimyakimya, hakuyafuta.

Royce aliuangalia mguu ule. Akajisemea, sasa. Sema sasa, kabla wimbo haujaisha.

"Ajabu hii," alinong'ona Teague. "Miaka yote nimesimama kando yako jukwaani, na hukuwahi kuipiga hivi. Na hicho kinachogonga ni nini? Ni wewe?"

Corinne akafumbua macho. Haijulikani alisikia nini na hakusikia nini, lakini alimwelekea mdogo wake, akaweka mkono nyuma ya sikio.

"Ndiyo, Royce," alisema. "Mwambie mwenzako ilivyokuwa. Uliipataje?"

Mlango wa kusema kweli aliufungua Corinne mwenyewe, akausimamia, akamwachia nafasi ya kupita. Royce aliona kabisa. Alivuta pumzi. Na yale maneno ya miaka arobaini, yaliyosuguliwa yakang'aa, yakatangulia kutoka.

"Nilikuwa peke yangu na Bwana Purvis," alisema. "Gereji kimya. Nikafumba macho, ikaja."

Noti ya mwisho ikalia kwenye spika, ikafifia polepole. Kanda ikaendelea kuzunguka, maana Bwana Purvis hakuwa na tabia ya kuisimamisha. Kikasikika kiti kikisukumwa. Kisha sauti ya msichana, changa, kavu, ya Gainesville tupu, ikajaza sebule nzima:

"Royce! Toka chooni, acha kulia, njoo uone ninavyoweka vidole, maana watakuuliza. Bwana Purvis, hiyo imekaa, au nipige tena?"

Teague akageuka, polepole, na waya zake shingoni.

Corinne akaisogelea spika, sikio la kulia mbele, uso mtulivu kama wa mtu anayeulizia bei ya mayai.

"Kasema nini huyo msichana?" aliuliza. "Royce, nirudie wewe maneno yake, mimi sisikii vizuri."